Zumari ya Pwani Yalia Kakuma

Kuna watu waliosoma ambao wakiambiwa kwamba fulani amejifunza kupiga ala ya muziki kwa sikio tu, huona kuwa mtu huyo amejifunza ovyo. Kwao elimu ni ile iliyotiwa karatasini. Kilichoingia kwa sikio hukihesabu kuwa cha kubahatisha, leo kipo na kesho kimeruka. Sisi tuliokaa chuoni, tumekunja miguu juu ya jamvi na mwalimu yuko mbele yetu na bakora yake, tunajua kwamba mambo sivyo yalivyo. Tulihifadhi sura nzima nzima kabla hatujajua kuandika majina yetu, na ole wake aliyeivuta irabu fupi au kuikata ndefu. Sikio ndilo lililokuwa daftari letu, na daftari hilo lilikaguliwa kila siku.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaeleza wasomaji wangu leo, nami nitalieleza kwa kisa cha zumari. Zumari yenyewe sikuikuta Lamu wala Mombasa wala Unguja. Niliikuta Kakuma, kaskazini-magharibi ya Kenya, katika nchi ya Waturkana, ambako bahari ni hadithi ya kusimuliwa.

MJI WA MIKOMA

Mwishoni mwa mwaka 2025 nilikwenda Lodwar kumtazama mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa shule huko. Lodwar ndiyo makao makuu ya kaunti ya Turkana, mji ulio kando ya mto Turkwel. Wazee wa siasa wataukumbuka kwa kuwa ndipo Waingereza walipomweka Mzee Jomo Kenyatta tangu 1959 hadi 1961, baada ya kumtoa jela ya Lokitaung. Walidhani mtu akitupwa huko sauti yake haitasikika tena. Jua la Lodwar halina mzaha, na upepo wake ni kama pumzi ya tanuri la mkate. Hata hivyo mtu wa Pwani hakosi kitu cha kumliwaza. Mikoma imejipanga kando ya mto, na akina mama huketi kivulini wakisuka vikapu kwa majani yake, kama akina mama wa kwetu wanavyosuka mikeka kwa ukindu.

Mimi ni mtu wa mashairi, na popote niendapo huuliza watu wanaimba nini. Mpwa wangu akanipeleka kwa mzee mmoja wa Kiturkana aliyekuwa amekalia ekicholong, kile kigoda kidogo cha mbao ambacho mchana ni kiti na usiku ni mto wa kulalia. Mzee akanieleza kwamba mwanamume wa kwao huwa na maksai wake anayempenda, humtungia nyimbo, akamsifu kwa rangi yake na pembe zake. Nikamwuliza, nyimbo hizo nani huwafundisha vijana? Akacheka. Akasema hakuna afundishaye. Mtoto husikia machungani, husikia katika edonga, mchezo wao wa kuruka, mpaka siku moja anafungua kinywa na wimbo unatoka.

"Na akikosea?" nikamwuliza.

"Hapo ndipo wote huwa walimu," akajibu.

Neno hilo nikalitia mfukoni.

Usiku ule nilisali isha katika msikiti wa mjini. Tulipotoka, mfanyabiashara mmoja wa Kisomali, aliyekuwa ameyasikia matamshi yangu, akanishika mkono. "Wewe ni mtu wa Lamu," akasema. "Basi nenda Kakuma. Yuko mzee wa upande wenu apigaye zumari. Mimi siifahamu zumari, lakini nimeona watu wazima wakilia walipoisikia."

ZUMARI ILIFIKAJE HUKO

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kiasi cha kilomita 120 za nchi kame. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992. Wa kwanza kufika walikuwa maelfu ya vijana wa Sudan ya Kusini waliotoka Ethiopia kwa miguu, wengi wao watoto wasio na wazazi. Baada yao wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengineo. Mwaka 2016 makazi mapya ya Kalobeyei yakaongezwa kando yake. Leo kambi na makazi hayo kwa pamoja yana karibu watu 300,000, kila jamaa na lugha yake na nyimbo zake. Ukipita jioni utasikia kwaya ya Wakongo upande huu, na upande ule Mwethiopia anatekenya nyuzi za krari yake.

Wasomaji wa Pwani wasidhani kwamba hao ni watu wa mbali tu. Somalia ilipovunjika mwaka 1991, ndugu zetu wa Barawa na wa visiwa vya Wabajuni, watu wasemao lugha iliyo damu moja na Kiswahili chetu, walipanda majahazi wakaja Lamu na Mombasa. Walikaa katika kambi zilizokuwa Mombasa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kambi hizo zikafungwa, na wengi wao wakapelekwa Dadaab na Kakuma. Mtu aliyezaliwa akisikia mawimbi akajikuta anaamka kwenye mchanga usio na maji.

Mzee niliyeambiwa ni mmoja wa hao. Jina lake sitalitaja, maana hakulitafuta gazeti. Umri wake umepita miaka sabini. Alinipokea kwa salamu ndefu za kwetu, akaniuliza habari za bahari kama mtu anavyouliza habari za mgonjwa. Kisha akatoa zumari yake ndani ya kitambaa cha kikoi kilichochakaa.

Kwa msomaji kijana asiyeijua, zumari ni ala ya mti yenye matundu ya vidole, na mdomoni ina kilimi cha jani la mtende au mnazi au mvumo kilichokunjwa, ambacho ndicho kitoacho sauti. Chini ya kilimi kuna kipande cha kifuu au cha bati ambacho mpigaji huegemeza midomo. Bila zumari goma la Lamu halichangamki, na Wadigo na Waduruma hawachezi sengenya yao ikawa sengenya. Kilimi cha mzee kilikuwa cha jani la mkoma. "Mnazi hakuna huku," akaniambia. "Nimejaribu majani yote ya Turkana. Mkoma ndio ulionikubali."

Kando yake alikuwa ameketi kijana wa Kiturkana wa miaka kumi na tisa. Baba yake alikuwa na ng'ombe na mbuzi. Katika ukame ule wa tangu 2020 hadi 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika Kenya, zizi lao lilibaki tupu. Kijana akaja Kakuma mjini, akaanza kuendesha bodaboda. Ndiye aliyekuwa akimpeleka mzee hospitali. Siku moja alimsubiri nje, akasikia mzee anapuliza, na tangu siku ile, badala ya nauli, anadai mahadhi.

MWALIMU AMNYANG'ANYA SIMU

Nilikaa Kakuma siku nne, na kila asubuhi nilihudhuria darasa hilo la mwanafunzi mmoja. Nilijifunza humo mambo ambayo sikuyapata katika vitabu vya muziki.

Kijana alianza kwa njia ya vijana wa leo. Aliyanasa mahadhi kwa simu, akaenda nayo, akawa anayasikiliza barabarani akiwa na pikipiki yake. Baada ya wiki mbili alirudi akapiga. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanyosha mkono akaichukua simu akaiweka chini ya mto.

"Simu yako inajua kusema," akamwambia, "lakini haijui kusikia. Wewe wakosea, yenyewe yaendelea tu."

Msomaji wangu, lipime neno hilo. Simu huhifadhi sauti, na hapana ubaya. Laiti baba zetu wangalikuwa nayo. Lakini simu haijapata kumwambia mtu, "Sivyo, rudia."

Tangu hapo darasa likawa hivi. Kwanza kijana haruhusiwi kuigusa zumari. Mzee huyasema mahadhi kwa kinywa, kwa silabi zisizo na maana, kijana akayarudisha. Kipande kikikaa, hufuata kipande cha pili, kisha viwili huunganishwa. Kipande kisichotoka sawasawa kinywani, vidole havikipati hata mtu akeshe. Mzee alisema: "Vidole ni watumwa. Havitumwi mahali ambapo bwana wao hapajui."

Pili ni pumzi. Zumari haina kituo. Mpigaji hujaza hewa mashavuni, na wakati mashavu yanasukuma hewa ndani ya ala, yeye huvuta nyingine puani, sauti isikatike. Kijana alifundishwa kwa bilauri ya maji na mrija: apulize mapovu yatoke mfululizo na huku anavuta pumzi kwa pua. Mapovu yakikatika, aanze upya. Alimaliza mwezi na nusu kwenye bilauri.

Hapo ndipo ugumu wa kujifunza zumari kwa sikio unapojitokeza. Mwimbaji hupumua, na anapopumua msikilizaji huona mlango: hapa kipande kimekwisha, hapa kingine kimeanza. Mpigaji udi hunyamaza kidogo. Zumari hainyamazi. Sauti hutoka kama kamba ndefu isiyo na fundo, na mwanafunzi hajui aikamate wapi. Aidha kamba yenyewe imezungushiwa mapambo, vitetemeshi na vigongo vidogo vya vidole, hata asiyejua hudhani mapambo ndiyo mahadhi. Kazi ya mwalimu wa mdomo ni kumwonyesha mwanafunzi fundo liko wapi, na kumtenganishia mfupa na nyama.

ZUMARI YA KIRIBA

Ugumu huu si wa zumari yetu peke yake. Anayo ndugu ambaye ugumu wake umezidi, nayo ni ile zumari ya kiriba ambayo wengi wameiona katika picha za majeshi ya Uingereza, ikipigwa na wanaume wa Uskoti waliovaa vikoi vya mistari mpaka magotini. Lakini si ya Waskoti tu. Watu wa Ghuba wanayo tangu zamani, ya ngozi ya mbuzi, na huiita habbani. Wapo pia waiitao kirba, nalo ndilo neno la Kiarabu lililotupa sisi kiriba, mfuko wa ngozi wa kutilia maji. Jamaa zetu walioko Maskati wanaifahamu sana. Sultani Qaboos, aliyetawala Oman tangu 1970 hadi alipofariki Januari 2020, katika ujana wake alisomea uaskari Sandhurst akatumikia kikosi cha Kiskoti cha Cameronians. Oman ikapata vikosi vya wapiga zumari za kiriba, na wamo wanaozipiga wakiwa juu ya ngamia.

Kiriba kinafanya kazi ya mashavu. Mpigaji hukijaza hewa kwa kinywa, hukibana kwa kwapa, na sauti haikatiki hata akipumua. Ile ya Uskoti ina mirija mitatu begani inayovuma sauti moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mrija mmoja wa vidole wenye sauti tisa tu. Haina kupanda wala kushuka kwa nguvu, na haina kimya. Mpigaji akitaka kurudia sauti ileile mara mbili hawezi kunyamaza katikati. Lazima aichomekee sauti nyingine fupi mno ya kuitenga ya kwanza na ya pili. Fikiria basi mtu ayajifunze mahadhi mapya kwa kuisikiliza ala ya namna hiyo!

Waskoti wa kale hawakuandika. Ukoo wa MacCrimmon, waliokuwa wapigaji wa mabwana wa MacLeod katika kisiwa cha Skye vizazi kwa vizazi, walifundisha kwa kinywa. Mwalimu alimwimbia mwanafunzi silabi zisizo na maana, na katika silabi hizo kwa kawaida vokali ndiyo sauti ya mahadhi, na konsonanti ndiyo pambo la vidole. Yaani mwanafunzi akisikia silabi moja amekwisha kuambiwa mfupa na nyama kwa pamoja. Hata leo mwanafunzi wao haanzi na kiriba. Huanza na kijizumari kidogo cha kujizoeza, na walimu wengi bado humwambia aimbe kwanza ndipo apige.

Mzee wa Kakuma hakupata kusikia habari za kisiwa cha Skye. Nilipomweleza, hakushangaa hata kidogo. "Wangefanyaje tena?" akaniuliza.

Nami nikakumbuka mwalimu wa chuoni akitufundisha harufi na irabu zake. Nisije nikaeleweka vibaya: sifananishi maneno ya Mwenyezi Mungu na mambo ya ngoma, na najua wako masheikh wetu wasiopenda zumari, kila mmoja na dalili zake. Ninachofananisha ni njia. Tajwidi haisomwi kitabuni ikatosha. Misahafu imejaa duniani, ya kila chapa, na bado mwanafunzi hupeleka kinywa chake mbele ya kinywa cha mwalimu, naye mwalimu alipeleka chake mbele ya mwalimu wake. Karatasi ipo, na sikio halijastaafishwa.

MWANAFUNZI AMSAHIHISHA MWALIMU

Siku ya pili niliona jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike makala haya. Nilimwomba kijana atuimbie wimbo wa maksai wa baba yake. Aliona haya, kisha akaimba. Alipokwisha, mzee akamwambia, "Rudia." Akarudia. "Rudia tena." Mara ya tatu mzee alifumba macho. Hakuigusa zumari.

Kisha akauliza maswali. Ng'ombe huyo alikuwa wa rangi gani? Maneno haya maana yake nini? Hapa mwimbaji anamwita ng'ombe au anawaambia watu? Kijana akajibu yote. Maksai alikuwa mweupe mwenye mabaka meusi ubavuni, naye alikufa katika ukame. Baada ya hapo mzee akaanza kuuguna wimbo puani, polepole, akiyatafuta mafundo yake. Akaanza kwa kuishika sauti ile ambayo wimbo hurudi kupumzika. Akashika mwanzo, akashika mwisho, ndipo akajaza katikati. Mapambo yake ya Pwani, ambayo vidole vyake vinayafanya hata usingizini, aliyaacha yote. Alipoinua zumari kulikuwa kumepita nusu saa.

Akapiga. Wimbo wa ng'ombe wa Turkana ukatoka katika zumari ya Kibajuni. Watoto wa jirani wakaja mbio.

Kijana alisikiliza hali ameinamisha kichwa. Ukapita mstari wa kwanza, ukapita wa pili. Katika wa tatu akasema, kwa sauti ndogo, "Babu, sivyo."

Nilimtazama mzee. Wako mafundi wakubwa huku kwetu ambao neno hilo wakiambiwa na mwanafunzi, darasa limevunjika. Mzee aliitoa zumari mdomoni akasema, "Nambie." Kijana akaimba kipande kile. Mzee akakirudisha kwa kinywa. "Bado," akasema kijana. Mzee akarudisha tena. "Hapo!" Ndipo mzee akapiga, na safari hii kijana alisimama, akaanza kuruka kama warukavyo wenzake katika edonga, peke yake, katika ua wa nyumba ya mabati.

Baadaye nilimwuliza mzee kama hakuona uzito kusahihishwa na kijana. Akanijibu: "Wimbo ni wa baba yake. Mimi mgeni ndani yake. Mgeni huonyeshwa choo na kibla."

Likanirudia neno la yule mzee wa Lodwar: akikosea, wote huwa walimu.

MAHADHI YASIYOTUA

Siku ya nne palikuwa na harusi ya jamaa wa Kibarawa, na kijana alitakiwa kupiga mahadhi ya kumtoa bwana harusi kwao na kumpeleka kwa bibi harusi. Asubuhi walikaa kwa mara ya mwisho. Kijana alipiga vizuri, pumzi imekaa, vidole vyepesi. Lakini kila alipofika mwisho wa kipande, sauti yake iliteremka ikatua chini. Mzee akamsimamisha mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Kijana alisikia kwamba anakosea, ila hakusikia kosa liko wapi. Sikio lake lilikuwa linamrudisha nyumbani kwa nyimbo za baba yake.

Mzee akaacha kumwambia "sivyo". Akamwuliza, "Bwana harusi yuko wapi?"

"Njiani," akajibu kijana.

"Amefika?"

"Bado."

"Basi wewe mbona wamfikisha?"

Akamweleza kwamba mahadhi yale hayatui. Kila kipande huachwa juu, kama mguu ulioinuliwa, mpaka bwana harusi avuke kizingiti. Hapo tu ndipo zumari hushuka ikatua, na wanawake wakapiga vigelegele. Akitua kabla, amemfikisha mtu ambaye hajafika, na watu wanaojua watacheka. Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akayasema mahadhi kwa kinywa, akayaacha juu. Hakukosea tena.

Hili simu haliwezi. Ilikuwa na kila sauti ya mahadhi yale, ila haikujua kwamba ndani yake kuna mtu anatembea.

Jioni nilifuata msafara. Bwana harusi alikuwa kijana mwembamba ndani ya joho la kuazima. Zumari ilikwenda mbele, nayo haikutua. Tulipita vibanda vya mabati, mabomba ya maji na foleni za madumu, Waturkana na Wakongo wakitoka kutazama, na wazee wachache wa Kibarawa na Kibajuni wakitembea nyuma bila kusema neno. Mlangoni, bwana harusi alipoinua mguu, mzee aliyekuwa amekalia kiti kando aliinua kidole chake kimoja. Zumari ikashuka. Vigelegele vikapaa.

Kijana alikuwa ameongeza kitetemeshi kimoja katika kipande cha pili ambacho mzee hakumfundisha. Nilimwuliza mzee kama alikisikia. "Nimekisikia," akasema. "Hicho chake. Mwachieni." Mfupa aliulinda hata kwa nukta moja, na nyama akamwachia mwenye umri wa kuila.

YALIYOBAKI

Nisiwafiche wasomaji hali ya mambo. Mzee huyu na jamaa zake walikuwa wakingoja kupelekwa Marekani. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari zikafutwa. Katika mwaka huohuo posho ya chakula Kakuma ilipunguzwa sana kwa sababu ya upungufu wa fedha za msaada, na wako waliokula mlo mmoja kwa siku. Mtu mwenye njaa hana pumzi ya kujaza mashavu. Mzee mwenyewe aliniambia hawezi tena kupiga goma zima, hufika nusu akatoa zumari.

Akipata safari, mahadhi yataondoka naye. Asipoipata, umri wake sote tunaujua. Huko visiwani alikotoka hajui ni nani aliyebaki ayajuaye. Hana mtoto aliyeyashika. Wajukuu wake wanataka vinanda.

Kabla ya kuagana nilimwandikia kijana ubeti mmoja, naye akaomba niusome mara tatu, akaushika papo hapo, karatasi akanirudishia:

Mahadhi hayana wino, wa kalamu kuandika,
Hukaa ndani ya neno, mdomoni yakatoka,
Ajuaye kwa mfano, amwonye anayeshika,
Asiye wa kumwambia, njia itampotea.

Ninyi mlioko Lamu, Pate, Mombasa, Tanga, Pemba na Unguja, mnao wazee wa zumari mitaani mwenu, na hawahitaji kambi wala bodaboda kuwafikia. Mkienda na simu, nendeni, naseni sauti zao, ni jambo jema. Lakini mkishazinasa msiondoke. Ketini, yasemeni mahadhi kwa vinywa vyenu mbele yao, mpaka waseme "sivyo", na tena "sivyo", na mwisho waseme "hapo". Neno hilo la mwisho ndilo shahada ya fani hii, na hakuna atakayelitoa wazee hao wakishaondoka.

Nilimwuliza mzee ana mahadhi mangapi kichwani ambayo haamini kuwa mtu mwingine anayo. Alihesabu kwa vidole, akayauguna moja moja ili asidanganye hesabu, yakawa kumi na moja. Kijana wa bodaboda amekwisha kushika matatu.

Yamebaki manane.